Suruali Iliyozima Injini Iyunga

Nilisimama Iyunga, Mbeya, kando ya barabara kuu na chupi tupu, mbele ya mama mkwe wangu. Mimi, mtu wa miaka hamsini na mbili! Kwetu mkwe hapaswi kuona hata goti langu.

Kosa lilianzia Ipogolo, kwa fundi Kastori. Alinifungia turbo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini, kwenye pikapu yangu ya dizeli, akaniambia, "Turbo mpya inakunywa oili, kaka. Wewe ongeza tu." Nami, darasa la nne na ubishi wa profesa, nikaongeza lita mbili bila kuchungulia stiki ya kupimia oili.

Nilipofika Iyunga na mama mkwe, injini ikaanza kuongeza kasi yenyewe, moshi ukafunika barabara. Nikazima, nikachomoa ufunguo, ikazidi kunguruma. Ilikuwa inachoma ile oili niliyozidisha badala ya dizeli, na mama mkwe yuko ndani, mlango wake umekwama.

"Ziba hewa, mzee!" dereva wa lori akanipigia kelele. "Tafuta nguo nzito!"

Nikaruka chini, nikafungua boneti. Shati langu jepesi lingemezwa lote na injini. Nikavua suruali yangu ya jinzi, nikaikandamiza kwenye mdomo wa bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Injini ikakohoa, ikafa. Mama mkwe mzima! Nilitaka kulia kwa furaha.

Ndipo moshi ukatawanyika, watu wote wakaniona.

"Baba," mama mkwe akasema, kafumba macho, akanirushia kitenge dirishani, "jifunge kwanza, ndipo tumshukuru Mungu."

Tumepona, sikatai. Lakini wewe Kastori, panda basi uje Mbeya, umweleze mama huyu kwa mdomo wako kwa nini alimwona mkwewe uchi.