Nilikuwa Nikiokota Maganda

Kila asubuhi nikiwasha jiko la chai, harufu ya njiti ya kiberiti ikinipanda puani, mimi narudi chini. Sisemi narudi nyuma. Narudi chini, kwenye mchanga wa moto kando ya njia ya Leparua, nimelala kifudifudi, mdomo umejaa vumbi, na kiganja changu kimeshika ganda la risasi ambalo bado linaunguza. Maumivu hayakuwa yamefika. Kitu cha kwanza kufika kilikuwa sauti ya mzungu mmoja mzee akilia, sauti nyembamba kama ya mwanambuzi aliyepotezana na mama yake, nikashangaa mtu mzima analia nini. Ndipo nikageuza shingo nikaona mguu wangu wa kulia. Goti lilikuwepo. Chini ya goti kulikuwa na kitu, lakini huwezi kukiita mguu.

Nilikuwa na miaka kumi. Sasa nimepita hamsini, nauza chai hapa Kiwanjani, na kijana wangu ameshaninunulia kiberiti cha gesi mara tatu. Mara tatu nimempa jirani. Nafikiri naogopa nikiacha kuinusa ile harufu, hakuna mwingine atakayekumbuka.

Sasa wacha niwaambie ilivyoanza, nyinyi mnaosoma. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mtanivumilia.

Mjomba wangu Lokwang, ndugu wa mama, alikuwa homgadi. Serikali ilimpa bunduki aina ya G3 alinde mifugo yetu na wezi. Alilala nayo, alikula nayo, aliipaka mafuta kuliko mke wake alivyowahi kupakwa, na huyo mke alikuwa akilalamika hivyo mbele ya watu. Sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuiruka ikiwa imelazwa chini. "Hii kitu haijui shangazi," mjomba alikuwa akisema. Maana yake, haiangalii mtu ni nani.

Huyo mjomba akapata kazi ya ulinzi kwa Bwana Tomsoni. Tomsoni alikuwa mzungu mwenye kambi ya mahema ya watalii upande wa Leparua, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu. Wageni wake walitoka Uingereza na Japani na nchi zingine ambazo bunduki ni marufuku, hata polisi wengine wanazunguka mtaani na rungu tu. Mimi niliposikia hivyo niliwahurumia. Nikamuuliza mjomba, sasa ng'ombe zao zinalindwa na nani? Akafikiria, akasema, "Na karatasi." Nililala nikiwaza hiyo karatasi kubwa namna gani.

Tomsoni aligundua jambo. Wageni wakishaona twiga siku mbili, macho yao yalihama yakaenda kwenye bega la mjomba, pale bunduki iliponing'inia. Walitaka kuigusa. Basi akaanza kuwapeleka kila Jumamosi alasiri kwenye laga, mto wa mchanga usio na maji, chini ya kilima, akapanga mikebe ya maharagwe juu ya mawe, na mjomba akawafundisha. Kila mgeni risasi tano. Watu wazima, wengine na mvi, wakiishika kama mtu anayeshikishwa mtoto mchanga wa jirani. Mkebe ukiruka walipiga kelele, walikumbatiana, mama mmoja wa Kijapani alicheka mpaka akakaa chini. Sisi huku kwetu mlio wa bunduki ulitufanya tuingie chini ya kitanda. Wao uliwafanya wapigane picha.

Na hapa ndipo shida yote ilipolala, kwa hivyo mnisikilize vizuri. Risasi zilikuwa za serikali. Homgadi akitumia risasi, kituoni alirudisha maganda yake matupu, ganda moja risasi moja, halafu akaeleza alimpiga nani. Ganda likipotea, umeuza risasi kwa wezi, unalala ndani. Aliyekaa na ufunguo wa risasi alikuwa Koplo Mutwiri. Yeye na Tomsoni walielewana. Jumapili asubuhi gari la kambi lilipita kwa Mutwiri na mguu wa mbuzi na chupa, na Mutwiri akaandika kwamba homgadi Lokwang alipambana na wezi wa mifugo, akawafukuza. Kwenye kitabu cha Mutwiri, wezi walikuja kila Jumamosi, wakati wa chai. Lakini maganda aliyataka yote.

G3 haiangushi ganda miguuni mwako. Inalitema mbali, mbele na kulia, kama mtu anayetema mate kwa hasira, linapotelea kwenye mchanga na miiba. Mjomba macho yalikuwa yameanza kuchoka. Yangu yalikuwa mazuri. Nikachukuliwa mimi, nikalipwa biskuti na unga wa mama, na nilijivuna, sitawaficha. Nilijua ganda litaangukia wapi kabla halijaanguka. Bwana Tomsoni aliniita Tai.

Mwanzoni kulikuwa na sheria. Mgeni amalize risasi tano, bunduki ilazwe juu ya gunia, mjomba ainue mkono, ndipo nikimbie. Jumamosi moja ganda moja likakosekana. Tulilitafuta kwa vidole, mjomba amepiga magoti jasho linamtoka, wageni wamesimama juani wamekasirika kwamba chakula chao kinapoa. Tulilipata ndani ya kichaka, lakini Tomsoni alikuwa amechoka kungoja. Akasema kuanzia sasa huyu mtoto aokote moja moja, likianguka tu, kabla halijafunikwa. Mjomba alisema, "Bwana, atakuwa mbele ya mdomo wa bunduki." Tomsoni akasema, "Yuko pembeni. Si anajua kukwepa?" Mjomba aliangalia chini. Hilo nililiona mwenyewe. Aliangalia chini, halafu akaniambia, "Akiru, uwe mwepesi."

Siku yenyewe tulipitia kisimani asubuhi. Mzee Galgalo alikuwa akinywesha mbuzi zake. Alikuwa Mborana, si wa kabila letu, mtu wa maneno machache, na kila aliponiona aliniita intala, yaani msichana, akanimiminia maziwa kwenye kifuniko cha kibuyu chake. Yalikuwa na harufu ya moshi. Nilikunywa, nikafuta mdomo, tukaenda. Yeye alibaki na mbuzi zake. Hicho ndicho alichofanya siku hiyo. Alinipa maziwa.

Mgeni alikuwa mzee wa miwani kutoka Uingereza, mwalimu wa muziki, aliitwa Fredi. Alikuwa mpole. Alipoona nimechuchumaa kule mbele, aliteremsha bunduki akaninyooshea kidole, akauliza kitu. Tomsoni akacheka, akamjibu. Kizungu sikukijua. Ni mjomba aliyenitafsiria miaka mingi baadaye, kifua chake kimeshaharibika, amelala hawezi kuniangalia. Mzee aliuliza, na yule mtoto? Tomsoni akamwambia, usijali, hawa wa huku wanazaliwa na mlio huo masikioni.

Basi yule mzee akaamini. Kwao mwenye mahali akikuambia hakuna hatari, unaamini. Akapiga moja. Bunduki ilimpiga begani akashtuka, miwani ikashuka puani. Mimi nilikuwa nimeshaona ganda linang'aa hewani, nimeshakimbia, nimeshalidaka. Yeye akageuka aseme samahani kwa Tomsoni, bunduki ikageuka naye upande wangu, na kidole chake bado kiko kwenye kifyatulio. Hakujua G3 ikipiga moja, ya pili imeshajipanga yenyewe. Nani angemwambia? Aliyejua alikuwa ameangalia chini.

Garini walinifunga na taulo ya kambi, nyeupe, nikasikitika inachafuka. Tomsoni aliendesha bila kugeuka. Akasema, "Lokwang, hii ni kazi ya wezi wa mifugo." Tomsoni akasema tena, taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni kulenga: "Wezi wamempiga. Mutwiri ataandika. Ama unataka kueleza risasi ya serikali ilimfikaje mtoto wa dada yako?"

Mutwiri alikuja hospitalini mwenyewe. Mama alikuwa upande mmoja wa kitanda, mjomba upande wa pili ameshika mkono wangu, anaubana. Mguu ulikuwa umeshakatwa na mimi bado nauhisi unawasha. Mutwiri akauliza, "Haya Akiru, ni akina nani?"

Nikasema, "Wezi."

"Wezi gani? Wezi wana sura. Leo kule ulimwona nani?"

Mjomba akabana. Mimi nilikuwa na homa, nilikuwa na miaka kumi, na nilifikiri ameniuliza swali la kweli. Ulimwona nani? Nikatafuta kichwani, nikaona kibuyu, nikaona mkono mweusi wenye pete ya shaba.

Nikasema, "Galgalo."

Mutwiri akafunga kitabu. Hakuuliza lingine.

Walimchukua pale pale kisimani. Mbuzi zake ziligawanywa kama za mwizi, na zingine niliziona kambini kwa Tomsoni nilipoanza kutembea na gongo, nikazitambua kwa alama ya sikio. Galgalo alikaa ndani miezi, alipigwa mpaka sikio moja likafa, na alipotoka akahamia kwa watu wake Biliqo. Hakurudi. Yule mzee wa muziki alinitumia zawadi ya Krismasi kupitia kambi. Viatu. Viwili.

Kwa miaka nilifikiri hadithi yangu ni ya mguu. Watu wakiniuliza nilisema wezi, na nilisema vizuri, mpaka nikawa nawaona. Nilikuwa mama wa watoto watatu nilipoelewa. Kijana wangu mdogo alivunja kikombe akasema ni paka, na paka akapigwa, na mtoto akasimama pale anatazama paka anapigwa. Niliacha chai ikachemka ikamwagika yote. Wale wezi wa Jumamosi walikuwepo kitabuni muda mrefu, wamekosa jina tu. Jina nililitoa mimi.

Mwaka huu mwanamke mmoja alikaa kwenye benchi langu, buibui ina vumbi la safari. Akasema salaam aleikum, akaagiza chai bila sukari. Alisema ametoka Biliqo kuuza mbuzi, anaitwa Talaso, binti wa Galgalo. Nilimwaga maji ya moto kwenye kidole. Nilimwambia yote, nimesimama, nimeshika meza, kwa sababu nikikaa huwa naonewa huruma na sikutaka. Alinywa chai yake mpaka mwisho.

"Baba alikufa akisema intala hakukosea," akasema. "Sisi tulimwona mjinga."

Nikamwomba msamaha. Akafunga kitambaa chake vizuri.

"Dada, uongo wa mtoto una baba yake. Mimi sikuja kwa mtoto. Sema majina."

Basi nimesema. Mjomba Lokwang amekufa, na namtaja hata hivyo, kwa sababu aliangalia chini. Mzee Fredi simdai kitu. Ni yeye pekee aliyeuliza. Koplo Mutwiri yuko hapa mjini, amestaafu, ana duka la vifaa vya ujenzi, na nikipita na gongo langu ananisalimia vizuri sana. Bwana Tomsoni yuko hai, anaota jua kwenye baraza. Kazi ameiacha kwa mtoto wake, ambaye ameweka bango la kulenga shabaha njia panda, wageni wanavaa vya kuziba masikio na miwani ya plastiki, na wanatoka nchi zile zile. Wanasema sasa kuna usalama. Sawa. Nani anaokota maganda?

Tomsoni, Mutwiri. Mnakijua kibanda changu. Njooni mchana, watu wakiwepo, na Talaso nitamwita. Siwaiti mniombe radhi kwa mguu, huo umeoza zamani. Mje mseme mbele ya binti wa Galgalo ni nani aliyenipiga, na lile jina mlilomtoa mtoto mdomoni, mlifute kwenye kile kitabu kwa mkono wenu.