Mkono wa Therese Kwenye Gunia

Auleria alimwona mzee Niyonsenga akiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa ofisi ya kikundi cha kahawa pale Kituntu, akajua alichofuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Vero. Jumamosi ni misa ya kumwombea mke wangu Therese. Nataka ile picha mliyotupiga hapa, ikasafishwe kubwa iwekwe mbele. Nyingine hatuna. Si unamjua, akiona simu anakimbilia jikoni."

Auleria alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka.

Yeye aliishia darasa la saba. Kompyuta alifundishwa na bintiye, Vero. Vero ndiye aliyemwandikia skripti, maagizo machache ambayo kompyuta huyafuata yenyewe: ipunguze picha zote za wakulima, ikate kila moja iwe mraba mdogo wa kuweka kwenye tovuti ya kikundi. Alimwonya, "Mama, nakili kwanza zile kubwa pembeni. Hii inafuta ya zamani na kuweka ndogo mahali pake."

Siku ya kuzikata, mwezi wa sita, wakulima walijaa mlangoni. Auleria hakunakili. Picha mia mbili ziliisha kukatwa kabla chai haijachemka, na kwenye simu alikwisha kuzifuta ili apate nafasi.

Tena skripti iliacha sehemu ya katikati tu. Na picha za mavuno huku, gunia la maganda, kahawa kavu isiyokobolewa, ndilo hukaa katikati, mume upande huu, mke upande ule. Mwenyekiti Kaijage alipoiona tovuti aliangua kicheko: "Mama Vero, kumbe mimi nimeoa gunia!"

Auleria akasingizia mtandao. Alijiambia atawaita wapigwe upya, mmoja mmoja. Hakumwita hata mmoja. Wangemuuliza kwa nini.

Sasa angeweza kusema kompyuta imeharibika. Mzee angeamini, na angemshukuru juu yake.

"Niliiharibu mimi, mzee," alisema. "Hiyo na za wakulima wote, kwa uzembe wangu. Kilichobaki ni hiki."

Alimgeuzia kioo cha kompyuta. Gunia, na kwenye shingo ya gunia mkono mmoja wa mwanamke, wenye shanga nyeupe kifundoni.

Niyonsenga aliinama, akautazama sana.

"Uliharibu lini?"

"Mwezi wa sita."

Therese alifariki mwezi wa tisa. Mzee alihesabu kimyakimya. Vidole vyake vilisogea juu ya meza.

"Kila Alhamisi alikuwa anakuja hapa kuleta maganda. Alikuwa anakaa benchi hilo."

"Ndiyo, mzee. Nilikuwa namwona."

"Ungemwambia, angesimama tena. Angenung'unika, lakini angesimama."

Auleria alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Nichapie huo mkono," alisema Niyonsenga.

Printa ilikwaruza, ikatoa karatasi. Mzee aliikunja taratibu, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Mlangoni aligeuka.

"Mke wa Kaijage bado mzima. Mwite leo."