Nilimwambia Mke Wangu Masikio Yake Mabovu, Kumbe Spika Zangu

Nimemkosea mke wangu, na nimemkosea mama yake pia. Sikuiba, sikumpiga mtu. Nilifunga spika! Lakini kaa nikueleze, halafu uniambie kama nastahili kuitwa mtu mzima.

Mimi ni mtu wa kujifunza mwenyewe. Nafanya kazi kwenye karakana moja Chang'ombe, na nyumbani kwangu Mbagala kila kitu chenye waya nimekifunga kwa mkono wangu. Naangalia video za maelekezo, naandika kwenye daftari, napima mara mbili. Jirani pasi ikimzimikia, ananiuliza mimi kwanza. Hilo lilinipa kichwa, nakiri.

Nikapata seti ya mtumba ya sinema ya nyumbani: mashine moja, spika tano na sabufa. Spika mbili hukaa mbele, moja katikati chini ya tivii, mbili ukuta wa nyuma. Ile ya katikati ndiyo hutoa maneno ya waigizaji. Za nyuma hutoa mvua, magari na muziki. Seti inakuja na maikrofoni ndogo. Unaiweka pale anapokaa msikilizaji, mashine inapiga milio, inajisikiliza, kisha inapanga kila spika ipige kwa nguvu kiasi gani.

Kazi hiyo haitaki kelele. Basi Jumamosi moja niliwatoa wote nje, mke na watoto, nikazima feni, nikafunga madirisha. Joto lile! Maikrofoni nikaiweka kwenye kiti changu, usawa wa sikio langu, nikatoka kwa kunyata. Mashine ilipomaliza nikakaa nikasikiliza. Jamani, ile sauti! Mvua ilininyeshea nyuma ya shingo.

Sasa ona ujinga wangu. Kiti kile nakaa mimi peke yangu. Mke wangu, nimwite Mama Zai, hapendi kochi. Anatandika mkeka, anaegemea ukuta wa nyuma, ananyoosha miguu. Na juu ya kichwa chake hasa ndipo nilipopigilia spika ya nyuma ya kushoto! Tena siku zote feni inazunguka, madirisha wazi, na muziki wa singeli wa jirani unaingia bila hodi. Nilipima nyumba ambayo hakuna anayeishi ndani yake.

Jioni yake tukawasha tamthilia. Mdogo wake Mama Zai alikuwa amekuja kutusalimia.

"Baba Zai, hawa mbona wanaongea kama wana ugali mdomoni?"

"Wanaongea vizuri tu."

"Mie maneno siyapati. Nasikia mvua."

"Nimepima kwa mashine," nikamjibu. "Mashine haidanganyi. Wewe kapime masikio."

Shemeji akacheka. Mama Zai hakucheka.

Mama yake anakaa Kimbiji. Sikio la kushoto halisikii miaka mingi, la kulia mpaka upaze sauti. Siku zote Mama Zai amekuwa akiogopa kwamba yatamfika na yeye. Nililijua hilo. Nikasema vilevile!

Tangu siku hiyo akawa anageuza shingo mtu akizungumza naye. Akawa anawauliza watoto, "Amesemaje?" hata nilipokuwa nimesema wazi. Akaacha kwenda kwenye kikundi chao cha kina mama, asije akajibu lisilo. Mwisho akaenda duka la dawa, akarudi na chupa ya matone ya kulainisha nta ya masikio. Kila jioni alilala ubavu, Zai anamdondoshea. Mimi nipo hapo hapo, nasoma daftari langu!

Siku ya nne ya dawa, yeye yuko sokoni, skrubu iliniponyoka ikaingia chini ya mkeka. Nikakaa pale kuitafuta, tivii inaendelea. Mwigizaji akafungua mdomo, na mimi sikuambulia hata neno moja. Mvua tupu!

Nikaelewa. Nikaongeza sauti ya spika ya katikati, nikapunguza ya ile ya nyuma ya kushoto, nikapima upya maikrofoni ikiwa mkekani, feni inazunguka. Kazi ya nusu saa.

Hapo ningemwambia, yangeisha. Sikumwambia.

Jioni akaweka mikono kichwani. "Baba Zai! Dawa imefanya kazi! Nasikia kila neno!"

"Alhamdulillah," nikasema. Mungu anisamehe, nilimtumia hata Yeye.

Kesho yake akanunua chupa mbili akampelekea mama yake. Mimi nilimsindikiza hadi kituoni, nikambebea mfuko, mdomo nimeufunga.

Baada ya siku kadhaa mama akapiga simu, na kwa vile huongea kwa kupaza sauti, nilisikia yote. "Mwanangu, chupa ya pili inaelekea kwisha. Bado kimya. Niongeze matone?"

"Usiongeze, mama. Vumilia, yatafunguka."

Hapo nikashindwa. Simu ilipokatika nikasema yote.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Siku ya tisa leo."

"Kumbe ulikuwa unazihesabu."

Akakunja mkeka wake taratibu. "Utakwenda Kimbiji mwenyewe. Usimpigie simu."

Nikaenda. Nilimkuta mama mkwe barazani na majirani wawili, wanakuna nazi. Nikapiga shikamoo, nikapiga goti, nikaanza kwa sauti ya chini.

"Sema kwa nguvu, baba! Eti nani kafanyaje?"

"NILIFUNGA SPIKA VIBAYA, MAMA! MAMA ZAI ANASIKIA! HAJAWAHI KUUMWA MASIKIO!"

Mbuzi za nazi zikanyamaza zote mbili.

"Hajawahi?"

"HAJAWAHI, MAMA!"

Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu. Kisha akaniangalia. "Na mimi, hii dawa?"

Nikatikisa kichwa. Nakwambia, sijawahi kuona aibu kama ile. Akatoa chupa kwenye pindo la kanga, akanitilia mkononi.

"Haya. Yamebaki matone kidogo. Katie masikio ya kwako."

Majirani walicheka mpaka wakashikana. Nilistahili!

Mama Zai amerudi kwenye kikundi chake, ila pasi yetu ilipoharibika wiki iliyopita aliipeleka kwa fundi mwingine, nami nipo sebuleni.

Kwa hiyo wewe unayejifunza kufunga spika, pima na watu wako wakiwa ndani, feni ikizunguka, kila mtu mahali pake. Na mtu akikwambia hasikii, inuka kwenye kiti chako ukakae alipokaa yeye, kabla hujafungua mdomo.