Mchezaji wa Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Musoma kwa arusi ya binamu yangu. Nikakatiza Mwisenge, mtaa niliokulia, kwa miguu, nikawakuta vijana nje ya duka la kunyoa wakibishania mpira wa Ulaya, mishipa ya shingo imewatoka. Nilisimama kuwasikiliza, nikajikuta nacheka peke yangu. Maana na sisi tulibishana mtaani hapo hapo, wala haukuwa mpira wa miguu. Tulibishania raga. Usishangae, rafiki yangu. Nikikumbuka utoto wangu, kitu kinachonichangamsha moyo kuliko vyote ni raga, mchezo ambao hakuna mtu mtaani kwetu aliyekuwa ameuona kwa macho.

Nilikuwa darasa la nne, naishi na bibi mzaa mama. Foleni za sabuni na sukari zilikuwa zimekwisha. Maduka yalijaa bidhaa, ila mifuko ya watu ndiyo ilikuwa mitupu. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa, minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda ng'ambo, sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa. Bibi aliyakaanga mpaka yakawa yanalia chini ya meno, na sijala kitu kitamu kama kile tangu hapo. Mwaka ule watu walizungumzia vyama vingi na uchaguzi uliokuwa unakuja. Halafu ikaingia raga, siasa ikasahauliwa kidogo.

Ililetwa na mwalimu, jirani yetu. Alikuwa na redio ya betri, na stesheni za nje alizikamata vizuri mahali pamoja tu: juu ya lile jiwe kubwa la uani kwa bibi, tulipokuwa tunaanika dagaa wa mwaloni Mwigobero. Kazi yangu ilikuwa kuwakusanya dagaa upande mmoja ili redio ipate nafasi, kisha mwalimu anafunga waya wa antena kwenye paa, watu wanaanza kuingia. Redio ilinuka dagaa mpaka ndani ya betri.

Mashindano yalikuwa ya mataifa, yanachezwa Afrika Kusini, kule ambako mwaka mmoja tu nyuma weusi walikuwa wamepiga kura kwa mara ya kwanza. Mtangazaji alisema kwa Kiingereza cha mbio, mwalimu akatafsiri kwa sauti ya mhubiri. Alitueleza kwamba mpira una umbo la yai, unabebwa mikononi, na ukitaka kumpa mwenzako ni lazima urushe nyuma. Hapo fundi cherehani, Mwislamu mmoja kutoka Bunda aliyekuwa na kibanda mbele ya nyumba yetu, akainuka.

"Mwalimu, kama wanarushaga nyuma, mbele wanafikaje?"

"Wanakimbia nao, Fundi!"

"Sasa si wangekimbia nao tangu mwanzo?"

Ubishi huo ulichukua siku nzima, na kesho yake nikaukuta hata Mwigobero kwa wauza samaki.

Siku ya nusu fainali Afrika Kusini walipangwa na Wafaransa. Uani palijaa. Mvua ilikuwa inanyesha huko kwao, mechi ikacheleweshwa. Mwalimu akatega sikio, akasema: "Uwanja umejaa maji. Kuna akina mama wameingizwa na mafagio, wanafagia maji."

Bibi, aliyekuwa anamenya mihogo bila kuonyesha kama anasikiliza, aliinua kichwa. "Hao akina mama ni weusi?"

Mwalimu alisita. "Nadhani ni weusi, Mama."

"Na wachezaji?"

"Wazungu. Karibu wote."

Bibi akarudi kwenye mihogo yake. Mechi ikaanza, na Afrika Kusini waliposhinda mwisho wa yote kwa tofauti ndogo, fundi akaruka juu. "Tumeshinda! Sasa hawa ni ndugu zetu, Bibi!"

"Ni ndugu zako," bibi alisema, kisu mkononi. "Mimi mwanangu yuko ardhini kwa sababu yao."

Mtoto wake wa mwisho, mjomba wangu, alikuwa askari. Alipelekwa Msumbiji, wakati wale waasi waliokuwa wanafadhiliwa na makaburu walipokuwa wanachoma vijiji, na hakurudi. Nyumbani kwetu jina lake halikutajwa tena. Miaka yote ile ya dhiki, tukiwa tunafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, bibi alikuwa anatoa michango ya ukombozi bila kunung'unika. Na sasa watu wanawashangilia makaburu kwenye jiwe lake.

"Jumamosi ijayo tafuteni pengine," akasema.

Wiki ile, rafiki yangu! Walijaribu redio juu ya tanki la maji la shule, ikakoroma. Walijaribu juu ya mti, ikakoroma zaidi. Huku ubishi unapamba moto: timu ya makaburu ni ya makaburu tu, wengine wanasema hapana, rais wao mpya, mzee aliyetoka jela, ndiye kawaomba watu waishangilie. Katikati ya hayo fundi akaleta habari nzito. Wapinzani wa fainali, watu wa New Zealand, wanaitwa Weusi! Kama ni Weusi, basi ni weusi. Habari hiyo ilimfikia bibi akiwa kisimani, akarudi na ndoo imejaa na uso unang'aa.

"Waambie waje," aliniambia. "Nataka kuwasikia Weusi wakiwapiga makaburu."

Jumamosi mchana alitwanga mtama mwenyewe, akapika uji wa kutosha mtaa mzima. Mwalimu alifika mapema na redio kwapani, lakini hakuiweka juu ya jiwe. Alibaki amesimama. Fundi alikuwa anamkonyeza anyamaze, hata mimi nilimwona.

"Mama," mwalimu akasema, "siwezi kukaa kwako kwa uongo. Wale Weusi nao wengi ni Wazungu. Nyeusi ni nguo zao."

Nilishika mwiko wa uji nikasubiri tufani. Bibi alimtazama mwalimu, akamtazama fundi, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini na kujifuta machozi kwa kanga.

"Kwa hiyo mimi nimepika uji wa Wazungu kwa Wazungu?"

"Kuna mmoja, Mama," mwalimu akasema haraka. "Kwa hao hao Afrika Kusini. Si mzungu. Katika timu nzima ni yeye peke yake."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu."

Bibi akamwonyesha jiwe. "Weka redio. Mimi nitamshangilia huyo mmoja."

Hapo ndipo raga ilipokuwa raga. Kila mpira ulipokwenda kwa huyo mmoja, mwalimu alipaza sauti, "Wako huyo, Mama!" na bibi akapiga kofi gotini, "Kimbia, mwanangu!" Akinyang'anywa, bibi aliwalaumu wenzake kwa kumwacha peke yake. Dakika chache tu uani kote tulikuwa wa huyo mmoja. Timu zikalingana, muda ukaisha, wakaongezewa mwingine, wakalingana tena. Redio ikaanza kufifia, mwalimu akailazia sikio kama daktari. Mara akapiga ukelele: mchezaji mwingine wa Afrika Kusini kaudondosha mpira chini, kaupiga teke ulipodunda, umepita katikati ya nguzo!

Filimbi ya mwisho ikalia. Watu walikumbatiana, uji ukamwagika, fundi alimbeba mwalimu begani na antena ikakatika. Bibi alikuwa amesimama.

"Na wangu?"

"Wako ndiye bingwa, Mama!"

Akapiga vigelegele. Sikuwahi kumsikia akipiga vigelegele. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akamtaja mjomba kwa jina lake. Akatusimulia alivyokuwaga mtoto kule Butiama, kabla hawajahamia mjini, akitumwa mbali mpaka Buhemba anatema mate chini, anaapa atarudi kabla hayajakauka, na kweli anarudi. Alituonyesha alivyokimbia, kanga imekunjwa mpaka magotini, na watu wazima wakacheka mpaka wakaomba aache. Tangu jioni ile jina lile likarudi nyumbani, wakapewa hata watoto waliozaliwa baadaye.

Bibi hayupo tena. Mwalimu naye ametangulia, na fundi alirudi Bunda, sijui kama yu hai. Hayupo tena mtu wa kunitafsiria mchezo kwa sauti ya mhubiri. Nasikia mechi ile mtu anaweza kuipata kwenye simu na kuitazama yote, na wanangu wamewahi kutaka kunionyesha. Nimekataa. Nina ya kwangu tayari. Katika hiyo ya kwangu uwanja ni njia ya vumbi ya Butiama, na yule mmoja anayekimbia na mpira ana miguu ya mjomba wangu, na hakuna anayemkamata.