Taa ya Moyo wa Neema

Ninyi mliobaki Marangu mmeniuliza kwa nini siku ile nilifunga duka langu la balbu asubuhi. Mwalimu wa chekechea alipungukiwa mtu mzima wa kusindikiza watoto makumbusho ya kule Posta, wakajifunze sayansi kwa kushika vitu. Nilikataa mara mbili. Binti yangu Neema akasema basi atashika mkono wa baba wa mwenzake. Nikafunga.

Saa mbili, Kariakoo. Watoto kumi na mmoja, wote wameshika kamba moja. Nikahesabu, nikarudia.

"Mangi, hawa si balbu," mwalimu akasema.

"Balbu hazikimbii, mwalimu."

Mnazi Mmoja, kumi na mmoja bado. Neema alisimama mara mbili kuvuta pumzi. Nikamwambia ni zile chapati za asubuhi.

Posta. Dada mwenyeji alitufungulia chumba cheusi kisicho na dirisha. Katikati balbu moja na vyuma viwili. Ukivishika, balbu inawaka kila moyo wako unapopiga. Mtoto wa kwanza akashika: uso wake ukatokea gizani, ukapotea, ukatokea. Hakuna aliyecheka.

Zamu ya Neema. Moja, mbili, tatu. Kisha giza refu, mwanangu hayupo. Halafu akarudi.

Nikahesabu tena. Tatu, giza.

"Dada, balbu yako imechoka," nikasema. Nauza balbu miaka kumi na minne. Haitoki dukani hata moja kabla sijaijaribu mara mbili. Akaweka nyingine. Tatu, giza.

"Basi ni waya."

"Baba," sauti ya Neema ikatoka pasipo na uso, "dukani ukibadilisha balbu ikagoma, unabadilisha holda. Sasa badilisha mtu."

Akashika mwenzake Kiran, mtoto wa jirani yetu wa ghorofa ya juu. Nilihesabu hamsini, nikarudia hamsini. Hakuna pengo. Sijawahi kuomba mali ya mtu iwe mbovu. Siku ile niliomba.

Akarudi Neema. Tatu. Giza.

Saa sita, mwalimu akarudi Kariakoo na watoto kumi. Sisi wawili tukaenda hospitali. Daktari alisikiliza kifua, akasikiliza mgongo, akarudi kifuani.

"Mmewahi," akasema, akatuandikia barua ya kwenda kwa daktari wa moyo.

Njiani Neema akauliza, "Baba, mimi ni mbovu?"

"Nani kasema? Unajaribiwa."

Nilichojifunza ni hiki: pale Mnazi Mmoja nilimhesabu vizuri sana, sikumtazama. Tarehe ya kumwona daktari wa moyo bado haijafika. Kila jioni namshika kifundo cha mkono. Moja, mbili, tatu. Kisha tunasubiri, yeye na mimi.