Mlio wa Kisu cha Kukunja

Majirani zangu hapa Nawoitorong, mjini Lodwar, wananicheka waziwazi. Mturkana mzima, wanasema, anakusanya visu visivyoweza kuchinja hata mbuzi. Wacha wacheke. Visu vyangu ni vya kukunja, vya zamani, vya kutia mfukoni, na nimevifuata hadi Lokichoggio kwa madereva wa malori na wazee waliowahi kuwa askari. Nikishika kimoja naangalia kwanza chapa iliyopigwa kwenye chuma, karibu na bawaba. Kisha mpini: pembe, mfupa, au plastiki inayojifanya pembe. Muuzaji akinidanganya namwambia hapo hapo. Sina subira na uongo kuhusu visu, na nimekosana na watu wazuri kwa sababu hiyo.

Mwaka jana nilikuwa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, kwenye kibanda cha chai cha mama mmoja kutoka Sudan Kusini. Nilikuwa nimevitandaza visu vyangu mezani, navipaka mafuta ya cherehani. Aliponiletea chai hakuondoka.

"Mzee, wewe unajua visu yote?"

"Karibu vyote," nikajibu, na majivuno yangu.

Basi akanieleza. Baba yake alikuwa na kisu kama hivi. Aliuawa vitani mama huyu akiwa bado mtoto, na nyumba ikaungua na kila kilichokuwamo. Binti yake, msichana mkubwa aliyekuwa akiosha vikombe pale kando, amezaliwa kambini na huuliza babu alikuwa mtu wa namna gani. Hata picha hakuna. Mama alitaka angalau amwonyeshe kisu cha aina ile.

Nikaanza maswali yangu. Mpini wa rangi gani? Hakumbuki. Kilikuwa kikubwa? Hakumbuki. Nikaanza kuudhika.

"Sasa unakumbuka nini, mama?"

"Sauti. Baba alikuwa anakata nyama, anapea sisi watoto. Wote tukipata, anafunga kisu. Tak! Sasa ndiyo yeye anaanza kula."

Sikuwahi kutambua kisu kwa sikio. Akafumba macho, nami nikawa nafungua na kufunga, kimoja baada ya kingine, naye anatikisa kichwa. Kile cha jeshi, ninachokipenda kuliko vyote, hakikumgusa hata kidogo. Nikafika kwenye kisu kidogo cha mpini wa plastiki, ambacho nilikibeba nikitafuta mtu wa kubadilishana naye. Kikalia. Mama akashika ukingo wa meza.

"Hiyo."

Nilikijua kisu hicho. Chapa yake ilianza kutumika miaka mingi baada ya baba yake kufa. Ulimi ukaniwasha.

"Mama, hiki ni kipya. Hakiwezi kuwa..."

"Najua si yake, mzee. Yake iliungua." Alikuwa bado amefumba macho. "Funga tena."

Nikafunga tena. Machozi yalinilenga, mimi niliyekuja kunywa chai tu. Nikakifuta mafuta kwa kanzu yangu mwenyewe, nikamwekea mkononi, nikamwambia ni chake.

Akamwita binti yake. Msichana akakausha mikono kwenye sketi, akainama. Mama akamsogezea kisu sikioni, akakifunga.

"Umesikia? Watoto wote wamepata," akamwambia. "Sasa babu yako ndiyo anakula."