Upande wa Pili wa Mkeka

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti shuleni Buna nikiwa na vumbi hadi ndani ya masikio, na barua ya kuajiriwa nimeikunja ndani ya soksi isipotee njiani. Mwalimu mkuu aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia, kisha akaniuliza kama nimebeba chaki. Nikamwambia sikubeba, nilidhani chaki nitaikuta shuleni.

"Chaki iko Wajir," akasema, akiitamka p kuwa b kama wengi wa huko. "Haba iko kiberiti."

Nilidhani ananitania. Alitoa kiberiti mfukoni, akawa anawasha njiti moja moja na kuipuliza izime, mpaka akawa na kama ishirini zenye vichwa vyeusi. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake ya kwanza: njiti ya hesabu huchomwa kichwa kabla haijafika mkononi mwa mtoto, la sivyo utafundisha leo na kesho utakuwa huna darasa. Halafu akatandika mkeka, akaniketisha, naye akakaa mbele yangu tukitazamana. Akazipanga njiti haraka sana. Nilipotazama niliona hesabu imekaa sawa kabisa kwangu. Yeye aliyeipanga alikuwa anaiona kichwa chini.

"Wewe ndio unasoma kichwa chini, mtoto anasoma sawa," akasema. "Mshahara unafikiri ni ya nini?"

Nilicheka. Nilimwona mzee anayependa kujionyesha. Ningeyaandika maneno yale kwenye kiganja changu siku ile, nisingekuwa nawaandikia haya leo.

Ninyi mnaofundisha sasa mna vishikwambi, kwa hiyo niwaeleze mafumbo ya njiti yalikuwaje. Tulitumia namba za Kirumi kwa sababu zote ni mistari iliyonyooka. Njiti moja iliyosimama ni moja. Njiti mbili zilizopishana ni kumi, ile X. Moja ikikaa baada ya kumi unajumlisha, inakuwa kumi na moja. Ikikaa kabla ya kumi unatoa, inakuwa tisa. Njiti mbili zilizolala sambamba ni alama ya sawasawa, na mbili zilizokatana msalaba ni jumlisha. Mwalimu hupanga hesabu ambayo ni ya uongo, na mwanafunzi hutakiwa kuhamisha njiti moja tu ili iwe kweli. Mchezo huo tuliuita "njiti moja, mara moja". Mtoto akigusa njiti amehesabiwa, kwa hiyo hujifunza kufikiri kabla ya kunyoosha mkono. Sijaona kitabu kinachofundisha jambo hilo vizuri kuliko kiberiti.

Buna nilikaa miaka minne na nikawa fundi. Upepo wa kule ulinifundisha kubandika njiti kwa uji wa unga uliokauka nusu. Watoto walikuwa wachache, wote wakikaa upande mmoja wa mkeka na mwalimu mkuu upande wa pili, akisoma kinyume siku nzima bila kulalamika.

Kisha nikahamishiwa Diff, mpakani. Huko darasa lilikuwa kubwa, na wazee wa mji walikuja kwa adabu kuomba wavulana na wasichana wasichanganyike. Ombi halikuwa na ubaya. Nilitandika mkeka katikati, wavulana wakakaa huku, wasichana kule. Mimi nikakaa na wavulana. Nilikuwa nimechoka kusoma kichwa chini, na upande ule ndio ulikuwa karibu na kiti changu. Hayo ndiyo maelezo yangu yote. Mila ilisema watengane. Haikusema nani asome kichwa chini, hilo niliamua mwenyewe.

Mkaguzi wa shule alipokuja alikuta timu yangu ya mafumbo ni wavulana watupu. Akaniuliza sababu.

"Wasichana hawana wepesi, mheshimiwa," nikamjibu. "Wanachukua muda mrefu."

Akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi kwenye kitabu cha wageni, akanywa chai ya maziwa ya ngamia na kuondoka. Alisimama upande wangu wa mkeka muda wote. Katika ripoti yake aliandika kwamba mimi ni mwalimu mbunifu, na ripoti hiyo niliihifadhi kwa miaka mingi ndani ya bahasha ya plastiki.

Kutoka Diff nilipelekwa Hagadera, kwenye shule moja ya msingi ndani ya kambi ya wakimbizi. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko madawati, na mkeka ukawa ndio darasa lenyewe. Nilikuwa na sifa tayari. Watoto waliniita Maalim Kiberiti, nami nilipenda jina hilo kuliko nilivyowahi kukiri. Nilipanga mkeka kama nilivyozoea Diff.

Mwaka mmoja shirika la msaada lilijitolea kumlipia mwanafunzi mmoja wa darasa la nane masomo ya sekondari ya bweni, karo yote mpaka kidato cha nne. Kwa mtoto wa kambini hilo lilikuwa lango la kutokea. Mwalimu mkuu wa pale aliniita ofisini asubuhi.

"Nataka jina moja la hesabu," akaniambia. "Kabla ya adhuhuri gari yao inaondoka."

Nilikuwa na majina mawili yenye alama sawa: Bashir, mtoto wa mwenye duka la nafaka, na Hodan, msichana mrefu mkimya aliyekuwa akiishi na nyanya yake. Nikasema moyoni, kiberiti kitaamua. Niliwaketisha mkekani, kila mmoja upande wake kama kawaida, darasa zima likiwa limewazunguka. Nikapanga hivi:

XI + I = X

Kumi na moja jumlisha moja ni kumi. Uongo mtupu. Jibu ni kuichukua ile njiti iliyo kulia kwa X ya kwanza na kuipeleka kushoto kwake, kumi na moja iwe tisa: tisa jumlisha moja ni kumi. Fumbo zuri, wala si gumu.

Bashir alikunja uso, akawa anafikiri. Hodan alitazama mara moja tu, akaniangalia mimi.

"Maalim, hakuna kitu ya kuhamisha," akasema. "Hii iko sawa."

"Tazama tena."

Akatazama tena. "Iko sawa, Maalim. Haba iko sawa kabisa."

Nikaona anafanya mzaha siku ambayo si ya mzaha. Nikamwambia, na ninaandika maneno yangu kama nilivyoyasema kwa sababu sistahili kuyapamba: "Hodan, huko kwenu kumi na moja ukiongeza moja unapata kumi? Ndiyo maana mlikimbia?"

Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka. Hodan alivuta mtandio wake mbele ya uso. Wakati huohuo Bashir alinyoosha mkono, akahamisha njiti yake, nami nikapiga makofi. Jina la Bashir lilifika ofisini adhuhuri ikiwa bado. Hodan alikuja shule kwa wiki mbili zaidi, kisha hakuja tena, na katika rejista niliandika "ameacha". Sikwenda kuuliza.

Nilistaafu nikiwa na cheti ukutani na magoti yasiyokubali kuchuchumaa. Siku hizi niko Garissa, nyumba yangu haiko mbali na mto, na bado napanga njiti uani ili akili isilale. Mwaka jana, asubuhi moja, nilipanga lile fumbo la XI bila kulifikiria, kisha nikaenda kutawadha na kuswali dhuha. Niliporudi jua lilikuwa limefika mahali pangu, nikazunguka kukaa penye kivuli, ng'ambo ya mkeka. Nikatazama chini.

X = I + IX

Kumi ni sawa na moja jumlisha tisa. Hakuna njiti iliyohama. Nilitazama kwa muda mrefu nikitafuta kosa na sikulipata. Ilikuwa sawa, sawa kabisa, kama alivyosema. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, peke yangu, uani kwangu, na hata mke wangu alipoleta chai sikuweza kuinua uso. Niliyafikiria yale maneno, "ndiyo maana mlikimbia". Nikafikiria na wepesi ambao niliwaambia watu wasichana hawana, kumbe kila siku walikuwa wakigeuza hesabu nzima kichwani kwanza ndipo waanze kuifumbua, na bado wengine walikuwa wakikaribia kuwafikia wavulana.

Wiki iliyofuata nilipanda basi la Hagadera. Kumpata hakukuwa kazi, nilielekezwa sokoni, kwenye kibanda cha kushona sare za shule. Alikuwa mama mzima sasa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, miguu ikikanyaga cherehani. Nilimsalimu, akaitikia bila kuniangalia, halafu akaniangalia.

"Maalim Kiberiti," akasema. "Karibu. Kaa."

Nilikaa kwenye gunia la vitambaa. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ndefu, ikanipotea yote. Nikamwambia tu kwamba ile siku alikuwa sawa na mimi ndiye niliyekosea, na kwamba nimekuja kuomba msamaha.

"Mimi najua nilikuwa sawa," akasema. "Nilienda nyumbani nikabanga kwa mkeka ya nyanya. Nikazunguka. Siku zingine tulikuwa tunageuza kwa kichwa, lakini hiyo ilisomeka bila kugeuza. Ndio nikaelewa wewe unaona ingine na mimi naona ingine."

"Mbona hukuja kuniambia?"

Cherehani ilisimama. "Nilikuja, Maalim. Kesho yake. Nilisimama kwa mlango ya ofisi. Ukasema, 'Nini tena?' Nikarudi."

Sikumbuki. Nimejaribu sana kukumbuka, wala sikumbuki, na nadhani hilo linaniuma kuliko lile darasa lililocheka. Nilimwambia sina cha kujitetea.

"Mimi nimesamehe zamani, wallahi. Bashir ni mtu mzuri, sina ubaya na yeye, na watoto yangu wanasoma." Akaanza kukanyaga tena. "Lakini wengine je? Haikuwa mimi beke yangu ubande ile. Tulikuwa line nzima. Taja hata mmoja."

Nikafungua mdomo. Nikamtaja Bashir, nikamtaja Yusuf aliyekuwa na haraka, nikamtaja Noor aliyeandika kwa mkono wa kushoto.

"Hao ni wavulana," akasema.

Miaka yote ile nilikuwa nimekaa mbele yao, uso kwa uso, nao wakinitazama kuliko mtu yeyote, na sikuwa na jina hata moja zaidi ya lake. Nilitoa daftari dogo nililobeba kwa ajili ya kuandikia hesabu za nauli na dawa, nikamwomba anisomee. Akanisomea bila kusimamisha mashine: Sahra, Ifrah, Deqa, Maryan wa bloku ya kisima, Maryan mwingine. Kila jina nilimuuliza linaandikwaje, nikaandika polepole, kama mwalimu mgeni anayechukua rejista ya siku ya kwanza.

Mkiniuliza kazi hii ilinifundisha nini, sitawaambia habari za njiti. Nitawaomba tu mzunguke mkeka. Mzunguke kila siku, hata magoti yakiuma, mkae kule mnakowakalisha wengine na msome kutoka huko.

Daftari liko mbele yangu ninapoandika haya. Ukurasa wa Hagadera umejaa. Unaofuata nimeuandika Diff juu, na chini yake hakuna jina, kwa sababu huko sikumjua hata mmoja wa kwenda kumuuliza.